SOMO KATIKA KUPANGA NYUMBA KWA MWENYE KUFUGA MNYAMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ewe ndugu msomaji, mas-ala tuyatakayo katika waraka huu ni haya. Mtu ana paka, au ana njiwa, au kasuku, au mbwa wa ulinzi, naye hana nyumba yake mwenyewe. Ni mpangaji katika mji wa Dar es Salaam, khasa katika Kariakoo na mitaa iliyoizunguka. Afanyeje apate nyumba itakayompokea yeye na mnyama wake, bila ya kusema uwongo, bila ya kumuudhi jirani, na bila ya kumdhulumu mnyama mwenyewe? Watu wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Si dogo, kwani ndani yake mna haki za watatu: haki ya mwenye nyumba, haki ya jirani, na haki ya mnyama asiyeweza kusema. Na juu ya hizo zote iko haki ya Mwenyezi Mungu aliyetuamrisha kutimiza mikataba.

DIBAJI: KWA NINI JAMBO HILI LIMEKUWA ZITO

Mji huu uliasisiwa na Sayyid Majid bin Said katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Jina la Kariakoo lilikuja baadaye. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuushika mji katika mwaka 1916. Nyumba zilizojengwa katika mitaa hiyo zilikuwa za namna tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na nyuma uani penye jiko na choo. Wapangaji walikodi chumba chumba, wakapika uani pamoja.

Paka wa nyumba kama hiyo hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa wa ua mzima. Huyu alimpa kichwa cha samaki, yule alimwachia makombo, na usiku alikamata panya mwenyewe. Hapana aliyemwombea ruhusa, wala hapana aliyemtaja katika hesabu ya kodi.

Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za namna hiyo zimeuzwa na kuvunjwa, na mahali pake yamesimama maghorofa: maduka chini, stoo juu yake, na watu juu ya stoo. Ghorofa haina ua wala ukuta wa kulalia paka. Mlango ukifungwa, umefungwa. Basi jambo ambalo zamani lilikwenda kwa desturi sasa lataka mapatano, na mwenye kulipuuza huangukia katika khiyana au katika dhulma.

MLANGO WA KWANZA: MNYAMA GANI AFUGWA NYUMBANI

Paka ni halali kufugwa bila ya khitilafu. Imepokewa kwamba Abu Qatada alipotiliwa maji ya udhu alikuja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa; mkewe wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika hao wanaotuzunguka majumbani. Lakini elewa: kisicho najisi ni paka mwenyewe. Mkojo wake na kinyesi chake ni najisi kama vya wanyama wengine. Na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, nywele zake zilizong'oka pia ni najisi, illa zikiwa chache husamehewa. Kwa hiyo mwenye paka aweke mahali pa kusalia ambapo paka hapafikii, au atandike mswala wake wakati wa sala tu, kisha aukunje.

Ndege katika tundu pia hana ubaya, maadamu hulishwa na kunyweshwa. Wanavyuoni walichukua dalili katika hadithi ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumwuliza khabari za kindege hicho, wala hakumkataza.

Mbwa ana hukumu nyingine. Aliyemfuga pasipo haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, kama ilivyokuja katika hadithi sahihi. Walioruhusiwa ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Na kauli sahihi kwa Mashafi'i ni kwamba mbwa wa kulinda nyumba huingia katika ruhusa hiyo kwa kiasi. Basi mwenye stoo ya mali mtaani, akiogopa wezi, ana udhuru. Mwenye kumtaka mbwa kwa fakhari na kujionyesha hana udhuru. Tena mbwa akigusa chombo au nguo kwa umajimaji, yapasa kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hebu ifikiri nyumba ya vyumba sita yenye ndoo moja ya maji na ukumbi mmoja: mbwa wa mpangaji mmoja atawatia katika mashaka ya tohara watu wa vyumba vyote. Kwa hiyo mwenye mbwa wa ulinzi asitafute chumba katika nyumba ya ushirika. Atafute nyumba yenye ua wake peke yake, ingawa ni mbali na soko.

MLANGO WA PILI: HAKI YA MNYAMA ALIYEFUNGIWA

Sote twaijua khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Wengi huisoma khabari hii wakaona ni ya watu wa kale wenye nyoyo ngumu. Hebu izingatie vizuri. Mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kuokoka: amlishe, au amwache huru ajilishe. Aliifunga yote miwili.

Sasa mtazame paka aliye katika ghorofa ya sita, mtaa wa Sikukuu au mtaa wa Aggrey. Mlango wa pili haupo tena. Hata ukimwachia, atakwenda wapi? Nje ni ngazi, na chini ni barabara na magari. Basi mtu wa ghorofa hakubakiwa ila na mlango mmoja, nao ni kulisha. Wa zamani alipomsahau paka wake siku tatu, paka alikula panya. Wa leo akimsahau siku tatu kwa kusafiri kwenda Tanga au Unguja, amefanya kitendo kile kile cha mwanamke yule, japokuwa hakukusudia.

Wanavyuoni wa Kishafi'i waliandika waziwazi, nayo imo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kwamba chakula cha mnyama na maji yake ni wajibu juu ya mwenyewe. Akikataa, kadhi humlazimisha: kwa mnyama aliwaye, ama amlishe, ama amwuze, ama amchinje, na kwa asiyeliwa, ama amlishe ama amwuze. Na sheria ya nchi haiko mbali na hapo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na kumtesa mnyama ni kosa.

Kwa hiyo kabla ya kuiuliza nyumba, jiulize nafsi yako mambo manne. Je, nina riziki ya kumlisha kila siku? Je, nikisafiri yuko wa kuushika ufunguo? Je, madirisha na roshani vyaweza kutiwa wavu, ili paka asianguke? Je, pana nafasi ya sanduku la mchanga, na nitautoa uchafu kila siku? Ukijibu la katika moja wapo, usitafute nyumba ya kumweka mnyama. Mtafutie mnyama mtu mwingine.

MLANGO WA TATU: MKATABA WA IJARA

Jua kwamba kupanga nyumba ni ijara, na ijara ni kununua manufaa. Ili isihi, yapasa manufaa yajulikane, muda ujulikane na kodi ijulikane. Mpangaji ni mwaminifu juu ya nyumba ya mwenziwe: kilichoharibika kwa kukaa kwa kawaida hakilipi, na kilichoharibika kwa kupita mpaka au kwa uzembe hukilipa. Paka akikwaruza milango, au mkojo ukaozesha sakafu ya mbao, na mwenyewe ametazama tu, huo ni uzembe.

Katika Dar es Salaam desturi ya wenye nyumba wengi ni kutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Na dalali hutaka ujira wake, mara nyingi kiasi cha kodi ya mwezi mmoja, na wengine hutaka fedha ya kuonyesha nyumba hata kabla hujaipenda. Mathalan chumba na sebule ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 1,800,000, na ya dalali 300,000. Jumla ni 2,100,000. Hizo huenda ndizo akiba zako zote. Je, ni akili kuzitoa kabla hujauliza neno moja, kwamba paka anaruhusiwa au haruhusiwi?

Basi fuata mpango huu:

1. Mwambie dalali tangu siku ya kwanza kwamba una mnyama, na ni mnyama gani. Atakayekataa kukutafutia amekupunguzia safari.

2. Usitosheke na kauli ya dalali. Akisema "hapana neno", mwambie akukutanishe na mwenye nyumba au wakili wake. Dalali hana milki ya nyumba, wala kauli yake haimfungi mwenyewe asiyemtuma kuisema.

3. Zungumza na wapangaji wenzio kabla ya kulipa. Waulize khabari za maji, za taka na za wanyama. Mwenye nyumba anaweza kukubali naye akaa mbali. Wenye kukaa na paka wako ni hao.

4. Liandike sharti katika mkataba, kwa maneno machache: mpangaji ana paka mmoja, ameruhusiwa kukaa naye, atalipa uharibifu wake. Aya ndefu kupita zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni, katika sura ya Al-Baqara. Na wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

5. Mwenye nyumba akitaka amana kwa ajili ya uharibifu, mpe, lakini iandikwe kuwa ni amana. Ukitoka na nyumba ni salama, hiyo ni mali yako. Akiila amekula mali ya mtu kwa batili.

Na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, ambazo ni nyingi katika Upanga na Kisutu, zina mikataba yao ya maandishi. Mwenye kupanga humo ausome mkataba wenyewe, asisikilize neno la barazani.

Tanbihi. Wako wanaomficha mnyama. Humwingiza paka usiku katika kikapu, na mwenye nyumba alikwisha kukataza. Hilo ni khiyana. Waislamu husimama juu ya masharti yao, na aliyekubali sharti kwa ulimi akalivunja kwa kitendo hana hoja mbele ya mtu wala mbele ya Mola wake. Tena ajidhuru mwenyewe: siku paka atakapoonekana, atatakiwa kumtoa au kuhama, naye fedha zake zimo mkononi mwa mwenye nyumba, na karatasi aliyoitia sahihi ndiyo shahidi dhidi yake.

MLANGO WA NNE: HAKI YA JIRANI

Jibrili alimuusia Mtume wetu (s.a.w.) khabari za jirani mpaka akadhani kwamba jirani atarithishwa. Na katika nyumba za Kariakoo jirani si wa mbali. Baina yako naye ni ukuta mmoja wa tofali.

Katika Minhaj mna mas-ala ambayo yatawashangaza wenye paka. Paka akila ndege wa mtu au chakula cha mtu, na ikiwa imekwisha kujulikana kwamba hiyo ndiyo tabia yake, basi mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Ikiwa haikujulikana kwake tabia hiyo, halipi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa hiyo ukiletewa lawama ya kwanza kwamba paka wako amekula kifaranga, usimcheke jirani wala usiseme "ndiyo kazi ya paka". Lawama ile ya kwanza ndiyo iliyokupa khabari. Mara ya pili utalipa.

Njiwa na kuku nao wana adabu zao. Kinyesi chao juu ya nguo za jirani zilizoanikwa huziharibia tohara, na jogoo wa roshani huamsha jengo zima. Sharia yetu haikubali madhara wala kulipiza madhara kwa madhara. Kwa hiyo jirani naye, akiudhika, asitege sumu. Aseme na mwenye mnyama. Asiposikia, aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wasuluhishwe.

Na katika haki ya jirani ni usalama wa maradhi. Kichaa cha mbwa huua, na dalili zake zikisha kumtokea mtu ni nadra mno kupona. Mbwa na achanjwe kila mwaka, na paka pia achanjwe, na cheti kiwekwe. Mwenye nyumba akikiona moyo wake hutulia. Aliyeumwa na mbwa au paka aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali upesi apate chanjo, wala asingoje dalili. Tena mwanamke mwenye mimba asitoe uchafu wa paka kwa mkono wake, kwani umo ugonjwa ambao humdhuru mtoto tumboni. Mume na aifanye kazi hiyo.

MLANGO WA TANO: MASWALI NA MAJIBU

Swali. Mkataba umenyamaza, haukuruhusu wala haukukataza. Je, nifuge?

Jawabu. Panapokosekana sharti, desturi ndiyo hakimu. Paka mmoja katika nyumba ya Kiswahili yenye ua, desturi humkubali. Mbuzi katika ghorofa ya nne, desturi humkataa. Lakini bora kuuliza, kwani swali moja leo ni jepesi kuliko ugomvi kesho.

Swali. Mwenye nyumba aliniruhusu, kisha katika mwezi wa tatu akasema hataki tena wanyama. Je, nimtii?

Jawabu. Ijara ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili mpaka muda wake uishe. Alilolikubali haliwezi kulivunja peke yake katikati, illa mnyama akileta madhara ya kweli. Muda ukiisha, ni khiyari yake kuweka sharti jipya, nawe ni khiyari yako kukaa au kuhama.

Swali. Mwenye nyumba amekufa, na warithi wameiuza nyumba ili ivunjwe. Nimelipa mwaka, na imebaki miezi saba.

Jawabu. Katika madhehebu yetu ijara haibatiliki kwa kufa mmoja katika wenye mkataba, wala kwa kuuzwa nyumba. Una haki ya kukaa miezi yako yote. Mkipatana utoke mapema, basi kodi ya miezi iliyobaki irudi kwako. Wakikataa, na suluhu ya mtaani ikashindikana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo usiitupe karatasi yako.

Swali. Mimi ndimi mwenye nyumba, na mpangaji asiye Muislamu ana mbwa. Nifanyeje?

Jawabu. Kabla ya mkataba una khiyari: ukubali au ukatae kwa maneno mazuri. Ukikubali, sema mbwa akae wapi na asipite wapi, na umwekee mpangaji mahali mbali na maji ya udhu ya watu. Ukisha kukubali, timiza. Kumtesa mbwa wake ni haramu, na mwenye kumnywesha mbwa aliyeshikwa na kiu alisamehewa madhambi yake.

Swali. Nahama, na nyumba mpya haimpokei paka. Je, nimwache sokoni, atakula vichwa vya samaki?

Jawabu. La. Paka aliyezoea kulishwa ndani hajui njia za soko, na waliopo huko watampiga. Kumtia katika kiroba ukamtupe usiku si kumwacha huru. Ni kumhamisha kutoka kifungo hadi kwenye njaa. Mtafutie nyumba kabla ya kuhama: jamaa mwenye ua Ilala, Magomeni au Temeke, au mwenye stoo ya nafaka aliyechoshwa na panya. Mpe na chakula cha siku za kwanza, urudi kumtazama mpaka azoee. Na kama hujampata wa kumpokea, basi usiipange nyumba hiyo, endelea kutafuta.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Nanyi wenye majengo, ndugu zetu, mna haki ya kulinda mali zenu. Lakini msikatae kwa kukataa tu. Mpangaji anayesema kweli juu ya paka wake mbele yenu, naye anaogopa kuikosa nyumba, huyo ni mtu wa kuaminiwa kwa kodi na kwa mengine. Mkimfukuza msema kweli mkampokea mwenye kuficha, mmeifundisha mitaa yote kusema uwongo. Mwekeeni masharti: paka mmoja, wavu dirishani, amana ya uharibifu, cheti cha chanjo. Haya hayawadhuru, na huenda yakawa sababu ya kiumbe kupata kivuli.

KHATIMA

Muhtasari wa somo letu ni huu. Jipime kabla ya kufuga. Sema kweli kabla ya kulipa. Andika kabla ya kuingia. Lisha maadamu umefungia. Lipa ulichoharibu. Na ukihama, usimwache nyuma asiyeweza kujitafutia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mpangaji ni mgeni katika nyumba ya mwenziwe. Lakini sisi sote ni wapangaji katika dunia hii, na Mwenye nyumba ya kweli atatuuliza tulivyoishi ndani yake pamoja na viumbe vyake.

Mwenyezi Mungu atupe makazi yenye utulivu, majirani wema na nyoyo za huruma. Wabillahi tawfiq. Amin.